Oman: bahasha ya Qaboos, kodi ya 2028 na nchi inayokaa na kila mtu

MKAAZI WA MKUNAZINI (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila Marekani na Irani wanapotafuta pa kukutana, humu jukwaani huzuka swali lile lile: kwa nini Muscat? Na hakosekani wa kujibu kwamba Oman ni nchi dhaifu, inamwogopa kila mtu, ndiyo maana haigombani na yeyote. Jibu hilo linaniudhi. Nimekaa Muscat miaka sita, nina jamaa kule kama walivyo nao Waunguja wengi, na nilichokiona si woga. Lakini pia nimechoka na wale wa upande wa pili, wanaoisifu Oman utadhani ni pepo ndogo ambayo raia wake hana la kudai. Nitayagusa yote mawili. Ni marefu, nawaomba subira.

Nianze na asubuhi ya Jumamosi, 11 Januari 2020. Tulikuwa sebuleni kwa shangazi yangu, kahawa imepoa ndani ya dele, tende hazijaguswa. Sultan Qaboos amefariki, baada ya kutawala tangu 1970. Hakuacha mtoto, wala hakuwahi kumtangaza mrithi. Sheria ya Msingi ya Dola aliyoitoa mwaka 1996 ilisema ukoo wa kifalme ukae ndani ya siku 3 uchague Sultani. Wakishindwa kuelewana, ifunguliwe barua aliyoiacha marehemu. Kwa miaka mingi nchi nzima ilijua kwamba bahasha ipo, imefungwa. Jina lililomo alilijua aliyeliandika.

Ukoo haukuchagua. Walisema wanamwachia marehemu neno lake. Tukaona kwenye televisheni bahasha inafunguliwa, barua inasomwa: Haitham bin Tariq, binamu yake, aliyekuwa waziri wa turathi na utamaduni. Siku ile ile akaapa. Shangazi alikuwa na tasbihi mkononi, na kidole chake hakikusogeza punje hata moja mpaka jina lilipotajwa. Ndipo akashusha pumzi akasema, "Alhamdulillahi, hakuna damu." Huyu ni mtu aliyeikimbia Unguja mwaka 1964 akiwa msichana wa miaka 16. Kwake yeye siasa njema ni ile inayopita bila mlio wa bunduki, na mimi sina ubavu wa kumbishia.

Lakini tazameni vizuri kilichotokea asubuhi ile. Makabidhiano ya heshima kabisa, hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Na papo hapo raia wote, wakubwa kwa wadogo, wamekaa mbele ya televisheni wakisubiri kuambiwa nani anawatawala. Mageuzi ya Oman tangu 1970 yamekuja kwa njia hiyo hiyo. Yanashuka kutoka juu, mengi ni mema kweli, na mwananchi anayapokea kama mtu apokeavyo barua.

Wasioijua Oman ya kabla ya Julai 1970 hawawezi kuelewa kwa nini watu walimpenda Qaboos kiasi kile. Baba yake, Said bin Taimur, aliiogopa dunia. Nchi nzima ilikuwa na skuli 3 tu, za wavulana, na barabara ya lami haikuzidi kilomita 10 hivi. Malango ya mji wa Muscat yalifungwa usiku, na atembeaye baada ya hapo sharti awe na taa mkononi. Qaboos alimpindua baba yake tarehe 23 Julai 1970 kule Salalah kwa msaada wa Waingereza, na mzee akaishia London, ambako alifariki 1972. Mtoto akabadilisha hata jina la nchi: kutoka Muscat na Oman ikawa Usultani wa Oman. Kisha akawaita waliotawanyika warudi nyumbani.

Wito huo ndio uliomfikisha shangazi. Alikwenda na cheti chake cha ualimu na Kiarabu cha kubahatisha, akapangiwa kufundisha chini ya hema, kwa sababu majengo ya skuli hayajajengwa na Sultani hataki watoto wasubiri. Mpaka leo anasimulia upepo ulivyokuwa ukiing'oa hema, wasichana wakikimbilia kushika kamba huku wanaendelea kukariri somo. Waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wakaingia wizarani, hospitalini, kwenye mafuta. Ndiyo sababu hadi leo unaweza kuingia ofisi Muscat ukatolewa shida yako kwa Kiswahili safi cha mjini.

Sasa huo ndio uliokuwa mkataba, ingawa haukuandikwa popote: dola inatoa, raia anashukuru. Skuli bure, matibabu bure, kodi ya mapato hakuna, ajira ya serikali ukimaliza masomo. Vyama vya siasa marufuku. Baraza la Shura likaja 1991, la kushauri. Baraza la Dola likaongezwa 1997, hilo la kuteuliwa. Haki ya kupiga kura kwa kila raia aliyetimiza miaka 21, mwanamume na mwanamke, ikaja 2003. Kila hatua ilitolewa na Sultani, kwa wakati alioutaka yeye.

Mara moja tu raia walitangulia, nayo ni 2011. Vijana wa Sohar, mji wa bandari na viwanda, walikaa kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya dunia wakaubandika jina la Uwanja wa Mageuzi. Hawakudai Sultani aondoke. Walidai kazi, mishahara, na mawaziri waliokaa mno waondoke. Damu ilimwagika kule Sohar, na hilo lisisahaulike. Qaboos akasikia, tena haraka: akawang'oa mawaziri wakongwe, akaahidi ajira 50,000, wasio na kazi wakawekewa riali 150 kwa mwezi, na Oktoba mwaka huo Baraza la Oman, yaani Shura na Baraza la Dola kwa pamoja, likapewa nguvu fulani ya kutunga sheria. Ila waliopaza sauti, hasa waandishi wa mitandaoni, wengi waliishia mahakamani katika miaka iliyofuata. Na 2016 gazeti la Azamn, lililothubutu kuandika kuhusu rushwa ndani ya mahakama, lilifungwa na mhariri wake akatiwa ndani. Hapo ndipo ninapoumia mimi. Kilio kilisikilizwa, halafu aliyelia akaadhibiwa.

Haitham aliikuta hazina imechoka. Bei ya mafuta ilianguka, korona ikaingia, deni la taifa likakaribia asilimia 70 ya pato la taifa. Alichofanya kwanza ni kupunguza kofia. Qaboos mwenyewe alikuwa waziri mkuu, waziri wa ulinzi, wa mambo ya nje, wa fedha, na mkuu wa benki kuu. Agosti 2020 Haitham akamkabidhi Badr bin Hamad Al Busaidi mambo ya nje, na fedha akampa mtu mwingine. Januari 2021 akatoa Sheria ya Msingi mpya, ikaweka cheo cha mrithi wa kiti, mwanawe Theyazin. Bahasha basi tena. Aprili mwaka huo ikaanza VAT ya asilimia 5, na mwezi uliofuata vijana wa Sohar wakawa barabarani tena kudai kazi. Deni limeshuka hadi karibu asilimia 35 kufikia 2024, kazi kubwa isiyo na ubishi. Na Juni 2025 ikatoka sheria ambayo haijawahi kuonekana Ghuba nzima: kuanzia Januari 2028, mwenye kipato cha zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka atalipa asilimia 5 ya kinachozidi hapo.

Najua, itawagusa wachache sana, kama mtu mmoja katika kila mia. Lakini mkataba ule wa zamani umefunguliwa. Dola iliyokuwa inatoa, sasa inaomba.

Nije kwenye swali la Muscat.

Chukueni ramani. Kaskazini kabisa mna Musandam, kipande cha Oman kilichokatwa na ardhi ya Emirati, kinachochungulia mlangobahari wa Hormuz. Ng'ambo ni Irani. Meli zinazobeba karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita hapo, na njia zake ziko ndani ya maji ya Oman. Magharibi ni Saudia. Kusini magharibi ni Yemen. Ukiwa na majirani hao, ugomvi na mmoja tu unakuletea moto sebuleni.

Na moto huo Oman imewahi kuuonja. Vita vya Dhofar, jimbo la kusini, vilianza miaka ya 1960 na kumalizika 1975, waasi wakisaidiwa kutoka Yemen Kusini. Aliyeleta askari wake kumwokoa Qaboos, pamoja na Waingereza na Wajordani, ni Shah wa Irani. Shah alipopinduliwa 1979, Oman ingeweza kuwageuzia kisogo watawala wapya. Haikufanya hivyo. Irani haihami, yeyote atakayekaa Tehran. Mwaka ule ule nchi za Kiarabu zilipoitenga Misri kwa kupatana na Israeli, Oman ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki nayo, pamoja na Sudan na Somalia. Wakati wa vita vya Irani na Iraki, ikabaki na mlango wazi kwa wote wawili. 2015, wenzake wa Ghuba walipoingia Yemen na ndege za vita, Oman peke yake ndiyo iliyokaa nje. 2017 baadhi yao walipoifungia Qatar mipaka, mizigo ya Qatar ikapitia bandari za Sohar na Salalah.

Hili la Irani na Marekani halikuanza juzi. Wamarekani watatu walikamatwa mpakani mwa Irani mwaka 2009, Oman ikahangaika mpaka wote wakatoka kufikia 2011. Uaminifu ule ndio uliozaa mazungumzo ya siri Muscat 2012 na 2013, ambayo mwisho wake ni makubaliano ya nyuklia ya 2015. Aprili 2025 wakarudi: Witkoff, mjumbe wa Marekani, na Araghchi, waziri wa mambo ya nje wa Irani, kila mmoja chumba chake, Badr katikati anabeba karatasi huku na huku. Mei 6 Oman ikatangaza kwamba Marekani na Wahouthi wa Yemen wameacha kupigana. Raundi ya 6 na Irani ilipangwa Muscat Juni 15. Juni 13 Israeli ikaishambulia Irani, na kiti kikabaki kitupu.

Hapo wengi walisema Oman imefeli. Mimi nasema mpatanishi hawezi kumzuia mtu aliyeamua kupiga. Anachoweza ni kubaki nyumbani na taa inawaka.

---

CHUMA CHA TANGA

Mkuu, uzi mzito, heko. Ila umeruka kitu. Hiyo "inayokaa na kila mtu" yako ina mashaka. Waingereza wako bandari ya Duqm na meli zao, Marekani ana mkataba wa kutumia viwanja vya ndege tangu 1980, na Netanyahu alikaribishwa Muscat Oktoba 2018. Hao ni marafiki wa wote au wa mkubwa tu?

---

MKAAZI WA MKUNAZINI

Chuma, umesema kweli tupu, na 2019 Marekani aliongezewa bandari za Duqm na Salalah. Sijasema Oman haina upande. Ina upande, na ni wa Magharibi tangu siku Waingereza walipomsaidia Qaboos. Inachokikataa ni kuufanya upande huo uwe sababu ya kumnunia jirani. Irani inajua kila askari wa Kiingereza aliyeko Duqm, na bado Araghchi anashuka Muscat kama anakwenda kwa ami yake.

Kuhusu Israeli, Rabin, waziri mkuu wao wakati ule, alifika Desemba 1994, ofisi za biashara zikafunguliwa 1996, na Wapalestina walipoanza intifada 2000 Oman ikazifunga. Netanyahu alikuja, lakini siku chache kabla yake alikuwa ametangulia Mahmoud Abbas. Na 2020 Emirati na Bahrain walipotia saini mapatano na Israeli, Oman haikutia, mpaka leo. Ukiuliza watu wa kawaida sokoni Mutrah, kusema kweli hilo la Netanyahu hawakulipenda hata kidogo.

---

BINTI KONDOA

Naomba niseme na mimi. Mnazungumza marais na masultani. Mdogo wangu alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, wakala aliyempeleka alimwambia mshahara huu, alipofika akaambiwa mwingine, pasi ikachukuliwa na mwenye nyumba siku ya kwanza. Alikuwa anaamka saa 10 alfajiri, analala saa 6 usiku. Alirudi baada ya miezi 14, amekonda. Hayo mageuzi yanamhusu na yeye?

---

MKAAZI WA MKUNAZINI

Dada yangu, pole sana, na mfikishie pole zangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na jibu la haki ni kwamba yamemhusu kidogo mno.

Mwaka 2021 waliondoa ile ruhusa ya mwajiri wa zamani ambayo bila hiyo mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kazi nyingine akimaliza mkataba. 2023 ikaja sheria mpya ya kazi, likizo ya uzazi siku 98, baba naye siku 7. Ni hatua nzuri. Lakini watumishi wa nyumbani miaka yote wamewekwa kando ya sheria hiyo, wana kanuni zao za pembeni, na kanuni haina macho ndani ya nyumba ya mtu. Human Rights Watch waliandika 2017 juu ya Watanzania walioko Oman na Emirati, na maelezo yao yanafanana na ya mdogo wako neno kwa neno: pasi, mshahara pungufu, saa zisizo na mwisho.

Nimeishi kwenye nyumba ambazo dada wa kazi anakula sahani moja na watoto wa nyumba na anaitwa bibi. Nimeziona pia nyumba ambazo hajui jina la mtaa anaoishi kwa sababu hajatoka nje. Tofauti isiwe bahati ya nani kafungua mlango. Na serikali yetu nayo ina lawama: tunapeleka mabinti, tunapokea dola, ubalozini wanakwenda wakiwa tayari wameumia.

---

AMI WA SEEB

Ndugu zangu, mimi Momani wa hapa hapa, nimezaliwa Ng'ambo Unguja, nimekuja huku mtoto. Nimesoma yote. Mleta uzi ana haki ya kusema, ila anapima Oman kwa mizani ya watu waliokwishazoea vyama. Sisi tulikuwa na vita Dhofar, tulikuwa na uimamu na usultani wakigombana milimani miaka ya 1950. Baba zetu wamekufa kwa ajili hiyo. Leo mpenda sala wa Kiibadhi, Msunni na Mshia wanaswali safu moja na hakuna anayeuliza. Hicho kitu hakina bei. Shura tunapiga kura, 2023 nilipiga kwa simu, nimekaa kitini mwangu.

---

MKAAZI WA MKUNAZINI

Ami, shikamoo. Hilo la kuswali safu moja nakuunga mkono kwa roho moja, na nchi nyingi zenye kelele za demokrasia haziwezi kulionyesha. Lakini niruhusu niulize kwa adabu. Kura ile ya Oktoba 2023, viti 90, hakupita mwanamke hata mmoja. Nchi hii ilikuwa na balozi mwanamke Washington miaka 15, wa kwanza kutoka nchi yoyote ya Kiarabu. Aliyeteuliwa kutoka juu yupo, aliyechaguliwa kutoka chini hayupo. Si kosa la Sultani hilo, ni letu sisi wapiga kura. Ila bila vyama, bila magazeti yanayouliza, mgombea anarudi kwenye kabila, na kabila linamsimamisha mwanamume. Baraza linalotoka hapo litabishana vipi na wizara ya fedha?

---

AMI WA SEEB

Marahaba mwanangu. La wanawake umenishika, sina jibu. Binti yangu mwenyewe alisema hivyo hivyo, nikamwambia anyamaze ale.

---

MWANA WA OLD TOWN

Salaam kutoka Mombasa. Je, sisi pwani tunapata nini kwenye urafiki wao huu? Naona ni hisani za misikiti na kumbukumbu tu.

---

MKAAZI WA MKUNAZINI

Ndugu wa Mombasa, kumbukumbu nayo ni siasa. Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alipofariki 1856 wanawe waligombania, na 1861 Waingereza wakaamua Zanzibar na Muscat ziwe mbili, Zanzibar iilipe Muscat dola 40,000 kila mwaka. Sisi ndio tuliokuwa matajiri wakati ule. Baada ya 1964 kukawa na jeraha ambalo pande zote mbili hazikutaka kuligusa. Sultan Jamshid aliyepinduliwa aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, na ni 2020 tu aliporuhusiwa kuhamia Oman, akafia huko Desemba 2024. Rais Samia, mtoto wa Zanzibar, alikwenda Muscat Juni 2022 akapokewa kwa heshima zote. Kwa mtu anayejua historia, picha ile ilikuwa nzito.

Kwa upande wa mfukoni, waliingia kwenye mradi wa bandari ya Bagamoyo pamoja na Wachina, na wote mnajua ulivyokwama. Fedha zao zilikuwa zinakarabati jumba la Beit al Ajaib la Unguja lilipoanguka Desemba 2020 na kuua watu 2. Kwa hiyo si haba, lakini bado tunawangoja waje na viwanda, na wao wanatungoja tuwe na msimamo mmoja kwa zaidi ya awamu moja.

---

CHUMA CHA TANGA

Mkuu, umeanza na kodi ukaiacha njiani. Unaona italeta nini 2028?

---

MKAAZI WA MKUNAZINI

Nikueleze nilichokisikia, si utabiri. Binamu yangu ni mhandisi kwenye mafuta, kipato chake kinaizidi kidogo ile riali 42,000. Hajawahi kuzungumza siasa mbele yangu. Mara ya mwisho tulipokula pamoja, sheria ikiwa imetoka wiki ile, alikuwa na simu mkononi anapiga hesabu ya atakachokatwa. Kilikuwa kidogo, hakikufika bei ya matairi ya gari lake. Akaizungusha simu mezani tuone, kisha akamuuliza mama yake, yaani shangazi yule wa tasbihi: "Bajeti ya jeshi, Shura wanaionyeshwa?"

Shangazi akamtazama muda mrefu. Akamwambia amsogezee mchuzi. Halafu, tulipokwisha kula, akamwita pembeni, nikamsikia anamwambia taratibu, kwa Kiswahili ili wajukuu wasifahamu: "Hilo swali ulimuulize mbunge wako. Ulimpigia kura, si ndiyo?"